Shata ya kamera ya zamani: tuitie mafuta au tuiache kavu?

Wakuu, naomba tulijadili hili, maana kamera nyingi nzuri zinafia mikononi mwetu sisi wenyewe.

Wiki hii nimeletewa Rolleicord, kamera ya filamu ya lenzi mbili, yenye shata (kile kidude cha kwenye lenzi kinachofunguka na kujifunga kupitisha mwanga) ya aina ya Compur. Kwa spidi ya 1/100 ya sekunde inapiga vizuri. Ukiiweka sekunde 1, inafunguka na kuganda, mpaka uigonge pembeni ndipo ijifunge. Mwenyewe anasema kuna fundi aliidondoshea mafuta ya cherehani kwa mbele bila kufungua kitu, ikapona wiki mbili. Nilipotoa lenzi ya mbele nikakuta vibati vyote vya shata, vile vinavyoziba na kufungua njia ya mwanga, vimelowa. Pamba niliyopitisha ilitoka na rangi ya chai ya mkandaa.

Hoja ya wanaotia mafuta naijua: chuma kikisuguana na chuma kikavu, kinalika. Kwa injini, kweli. Lakini vibati vya shata ni vyembamba kama karatasi na vinasukumwa na springi ndogo. Mafuta yakiingia katikati vinashikana kama vioo viwili vyenye maji, na springi haina ubavu wa kuvibandua. Vibati viwe vikavu kabisa, hapo sirudi nyuma.

Penye ubishi hasa ni zile gia za spidi ndogo, zinazolia "zzzz" shata ikijihesabia sekunde. Zikikwama, wengi hudhani mafuta yameisha. Kumbe ya zamani yamegandia humo. Mimi nazitoa nzima, naziogesha kwenye petroli ya kujazia viberiti vya utambi (lighter fluid) mara mbili tatu huku nikizichezesha, nazikausha, nazijaribu. Hizi za juzi zilirudi bila hata tone.

Baada ya hapo wapo wanaoziacha hivyohivyo. Mimi natia mafuta ya saa, kama Moebius, kwa ncha ya sindano, kwenye vichwa vya ekseli tu. Meno siyagusi. Ile nanga ya mwisho inayotikisika, inayozipunguza gia mwendo, nayo siigusi. Hata mafundi saa huacha ekseli za nanga ya saa kavu. Nikiona tone limetuna, nimezidisha, naosha upya. Kwa joto letu la pwani, kamera ikisahauliwa ndani ya gari, mafuta ya ziada yanatambaa hadi kwenye vibati.

Unga wa grafaiti badala ya mafuta siukubali, unapeperuka na kutua kwenye lenzi.

Mnaoacha kavu kabisa, ekseli zenu zikoje baada ya miaka mitano? Na mnaotumia mafuta ya cherehani mkafanikiwa, mnayaweka wapi hasa, na kiasi gani?