Mwalimu mkuu shule ya msingi: darasani unaingia saa ngapi?

MwalimuBahi:
Habari zenu walimu, na shikamooni wakubwa. Nimeteuliwa kuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi huku Bahi, Dodoma, baada ya miaka mingi ya kufundisha darasa la kwanza na la pili. Naomba uzoefu wenu, hasa mlioko vijijini.

Tunajenga madarasa kwa fosi akaunti, yaani shule yenyewe inanunua vifaa na kumlipa fundi, bila mkandarasi. Asubuhi nipo na fundi, mara lori la mchanga limefika, mara muhtasari wa kamati haujasainiwa. Mchana ni taarifa za fedha kwenye FFARS, ule mfumo wa kompyuta wa hesabu za shule, na mtandao ukikata natafuta mlima wa kupandia. Ikifika saa nane watoto wanaondoka, na mimi sijaingia darasa hata moja.

Kinachoniumiza ni darasa la kwanza. Watoto wengi wanatoka nyumbani na lugha ya Kigogo tu. Mwalimu wao ni kijana, ana bidii, lakini hajawahi kushika darasa la chini. Andalio lake la somo nikilikagua ofisini halina kasoro. Nikipita dirishani nasikia darasa zima linaimba ba be bi bo bu, na nusu yao hawatazami ubaoni. Wamekariri wimbo, hawasomi. Yule binti anahitaji mtu wa kukaa naye, na mtu huyo ni mimi. Ninyi mnafanyaje?

MstaafuKongwa:
Marahaba mwanangu, na hongera. Enzi zetu muda wetu uliliwa na michango. Ada ilifutwa 2001, michango ikabaki, na mwalimu mkuu ndiye aliyegombana na wazazi. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 tulipumua, na mwaka huohuo ikaja posho ya madaraka, 200,000 kwa mwezi kwa mwalimu mkuu wa msingi. Naona sasa nafasi ile imejazwa na saruji.

Utaratibu wa fosi akaunti una kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi ya vifaa. Ziache zifanye kazi. Wengi wetu tunaziunda kwenye karatasi, kisha tunahesabu mifuko wenyewe kwa hofu. Wewe kagua leja jioni. Vipindi viwili vya kwanza asubuhi viwe vya darasani, simu ibaki ofisini, na fundi ajue hivyo. Ukiingia usisimame mlangoni na daftari la ukaguzi. Kaa dawati la nyuma, chukua kitabu cha mtoto mmoja, umwombe akusomee.

DarasaLaPili_Chamwino:
Naongea kama mwalimu wa kawaida. Mkuu wetu wa zamani alikuwa anaingia darasani siku za wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, tu, tukimwona tunatetemeka. Aliyepo sasa alikaa nyuma, baada ya kipindi akaniuliza, "Yule wa pembeni dirishani, leo amejifunza nini?" Sikuwa na jibu. Kesho yake akafundisha yeye, mimi nikakaa nyuma. Alianza na kibuyu, uwele, mbuzi. Watoto wakavitaja Kigogo kwanza, halafu Kiswahili, ndipo akaandika ubaoni. Hata yule wa dirishani alinyoosha mkono.

Vikao vya MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, navyo vimebadilika. Tulikuwa tunamalizia muda kuzungumzia uhamisho na madai. Sasa mmoja analeta somo lililomshinda, tunalichambua hilo tu. Nafundisha kwa amani zaidi.

MkuuKondoa:
Tusimpe moyo wa uongo. Mkaguzi wa hesabu akija haulizi watoto wangapi wanajua kusoma, anauliza hati ya malipo iko wapi. Jina kwenye hati ni la mwalimu mkuu, na kamati ikikosea anayeandika maelezo ni yeye. Shule yenye walimu watano, mkuu ana vipindi vyake pia. Mimi ningeomba halmashauri ituwekee mhasibu msaidizi mmoja kwa kila kata, hapo ndipo tutadaiwa uongozi wa taaluma. Ila Mzee wa Kongwa amesema kweli kuhusu asubuhi, hata mimi nimeishika hiyo. Na ukiitwa kozi ya uongozi ADEM Bagamoyo, chuo cha viongozi wa elimu, nenda.

MwalimuBahi:
Nashukuru sana. Mkuu wa Kondoa, umesema ninachokiogopa. Leja nitaikagua kila jioni bila kuruka. Lakini Jumatatu kamati ya mapokezi inakabidhiwa funguo za stoo, na mimi naingia la kwanza. Mwalimu wa Chamwino, hivyo vitu mlivichora kwenye kadi au mlivileta vyenyewe?

DarasaLaPili_Chamwino:
Vyenyewe, mwalimu. Waambie watoto waje navyo kutoka nyumbani, kila mmoja kimoja. Kadi tulizikata baadaye kwenye maboksi, tukaandika jina la kila kitu, mtoto akawa anaitafuta kadi ya kitu alichokileta. Mbuzi tu ndiye tuliyemchora.