Gari limetoka Japani na matairi ya theluji: je, yatafaa kwa matope ya Kapchorwa?

Mwalimu wa Kapchorwa

Ndugu zangu madereva na mafundi, nawasalimu. Mwezi uliopita nilipokea RAV4 ya mwaka 2012 kutoka Japani, gari langu la kwanza linalovuta kwa magurudumu yote manne, na tangu siku hiyo suala la matairi limeninyima utulivu. Matairi yaliyokuja nalo ni ya kipimo cha 225/65R17 na meno yake bado ni marefu, lakini ubavuni yana maandishi ya Kijapani, neno STUDLESS, na mchoro mdogo wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Nikibonyeza jino moja kwa kidole gumba linainama na kurudi kama kifutio cha penseli, na juu yake kuna mikato myembamba mingi, iliyojipinda kama mawimbi, ambayo sijapata kuiona kwenye matairi yanayouzwa hapa kwetu.

Fundi mmoja wa Mbale ameniambia nisithubutu kuyatoa, kwa hoja kwamba tairi lililotengenezwa kwa ajili ya barafu haliwezi kushindwa na matope, na kwamba huku mlimani baridi ipo ya kutosha. Rafiki yangu anayenunua kahawa naye amenishauri nitafute rimu za inchi 18 zenye matairi ya ubavu mfupi, kwa kuwa gari litapendeza na litashika lami vizuri zaidi. Safari zangu ni za aina mbili: kila Jumamosi nateremka Mbale kwa lami kupitia kona za Sipi, na mara mbili kwa wiki napanda kijijini kwa wazazi wangu, kilomita tisa za udongo mwekundu ambao mvua za Aprili huugeuza kuwa sabuni. Ndani ya gari wamo wanangu watatu. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kupita njia hii: niyaache matairi haya mpaka yaishe, au niyatoe sasa kabla mvua hazijakolea? Na nikiyatoa, nichukue rimu za ukubwa gani?

Dereva wa Kigezi

Mwalimu, hongera kwa gari, na umefanya vyema kuuliza mapema. Mimi naishi Kabale, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako asubuhi za Julai huwezi kutoka nje bila koti, kwa hiyo niliwahi kuamini maneno yale yale uliyoambiwa na fundi wako. Forester yangu ilikuja na matairi ya theluji nami nikayaacha. Nilikuwa nikienda Kampala mara mbili kwa mwezi, na kuanzia Mbarara hadi Masaka lami ya mchana huwaka jua mpaka unaliona joto likicheza mbele ya kioo. Mwaka haukuisha kabla ya meno ya mbele kuliwa pembeni.

Lakini kuisha haraka ni hasara ya fedha tu. Kilichonifanya niyatoe ni kingine. Nilikuwa nikiteremka kutoka Kanaba kuelekea Kisoro, mvua ndiyo kwanza imekatika na lami bado inang'aa. Nilipokanyaga breki kabla ya kona, gari lilichelewa kutii. Halikuzunguka wala halikutoka barabarani, lakini liliendelea kusogea mbele kwa namna ya kulegealegea, kana kwamba kati ya tairi na barabara kulikuwa na kipande cha sponji. Wiki iyo hiyo niliingia njia ya shambani yenye udongo wa mfinyanzi, na baada ya mita hamsini nikashuka kutazama. Ile mikato yote ilikuwa imejaa udongo, na tairi limekuwa laini pande zote kama chungu kinachosubiri kuchomwa. Vijana sita wa kijijini walinisukuma mpaka kwenye mawe. Usiyaache, Mwalimu.

Mganda wa Montreal

Mwalimu wangu, ngoja nieleze kwa nini haya yaliyompata ndugu wa Kigezi hayakuwa bahati mbaya. Mimi naishi Quebec, Kanada, ambako sheria inamlazimu kila mwenye gari dogo kuvaa matairi ya majira ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 15 Machi, na kila mwaka nabadilisha seti nzima mara mbili. Huku tairi la kawaida likishuka chini ya nyuzi 7 hivi za sentigredi mpira wake huanza kukakamaa, na likifika chini ya sifuri hugeuka kama ubao. Basi watengenezaji huchanganya mpira wa aina nyingine, unaobaki laini hata katika nyuzi 20 chini ya sifuri. Ulaini huo ndio uliouhisi kwa kidole gumba. Ile mikato myembamba hufunguka gurudumu linapokanyaga, kingo zake zikaing'ang'ania theluji na barafu, na kwenye barafu husaidia kuondoa ile tabaka nyembamba ya maji inayoleta utelezi.

Sasa uuchukue mpira huo uupeleke kwenye lami ya Mbale saa nane mchana. Unalegea kupita kiasi, meno marefu yanayumba kila unapokata kona au kufunga breki, joto linapanda ndani ya tairi na mpira unalika kama chaki. Baridi ya Kapchorwa naiheshimu, lakini si baridi ambayo tairi hili lilitengenezewa. Tena matope si ndugu wa theluji. Theluji ikijaa katika mikato hushikana na theluji iliyo chini yake, na hilo huongeza mshiko. Udongo wa mfinyanzi ukijaa humo unapaka tu. Tairi la matope linahitaji meno yenye nafasi pana kati yake ili gurudumu linapozunguka liutupe udongo nje.

Kuhusu rimu, jambo moja tunalolifanya huku litakusaidia hata wewe. Wengi wetu kwa majira ya baridi tunateremka inchi moja, wenye rimu za 18 wakavaa za 17, mara nyingi za chuma, ili ubavu wa tairi uwe mrefu na uweze kuhimili mashimo yaliyofunikwa na theluji. Sababu ya mashimo haitofautiani na ya kwenu. Rafiki yako wa kahawa anakupeleka upande usiofaa.

Fundi wa Nakivubo

Habari zenu wote. Nafanya kazi ya matairi karibu na soko la Kisekka, na magari yanayofika na matairi ya aina hii tunayaona mara kwa mara. Mwalimu, kwanza ulitambue tairi kwa uhakika. Ule mchoro wa mlima na theluji peke yake hautoshi, kwa sababu hata baadhi ya matairi mazuri ya A/T, yale ya lami na udongo, siku hizi huwa nao baada ya kufaulu jaribio la theluji. Herufi M+S nazo hazithibitishi kitu, ni maelezo ya mtengenezaji kuhusu umbo la meno tu. Kinachoamua ni neno STUDLESS, yaani tairi la theluji lisilo na misumari ya chuma, au majina kama Blizzak ya Bridgestone, iceGUARD ya Yokohama na Winter Maxx ya Dunlop. Angalia pia herufi ya mwisho baada ya kipimo: kwenye matairi haya mara nyingi ni Q, yaani mwendo usiozidi kilomita 160 kwa saa, ambapo ya kawaida kwa kipimo chako huwa H, kilomita 210. Huna haja ya mwendo huo, lakini herufi inakuonyesha tairi linavumilia joto kiasi gani.

Kwa njia zako mbili ningekuvalisha A/T za kipimo kile kile cha 225/65R17, zenye namba ya mzigo isiyopungua 102, maana yake kila tairi linabeba kilo 850. Usishawishike kuchukua M/T, zile zenye meno makubwa kama ya trekta. Zitakupandisha kijijini bila shida, lakini kwenye kona za Sipi lami ikiwa na maji zinashika vibaya, na wewe unapita pale kila Jumamosi na watoto. Usiongeze kimo pia. Wapo watakaokuuzia 245/65R17, ambalo kipenyo chake kinazidi cha sasa kwa karibu milimita 26. Kipimamwendo kitakudanganya, na tairi linaweza kugusa plastiki ya ndani ya tao unapokata usukani wote.

Rimu zako za 17 zinatosha. Ukizipata za 16 kwa bei nzuri, 225/70R16 ina kipenyo kinachokaribia sana cha sasa, 721 kwa 724 za milimita, na ubavu unaongezeka zaidi ya sentimita moja, lakini jaribu kwanza rimu moja gurudumu la mbele uone kama haigusi breki. Gari lako lina nati tano kwenye duara la milimita 114.3 na tundu la katikati la 60.1. Rimu ya Forester ya ndugu yetu wa Kigezi ina nati tano vilevile, lakini duara lake ni 100, kwa hiyo asije mtu akakuuzia kwa kuhesabu matundu.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni nati. Rimu nyingi za alumini zinazotoka kiwandani na Toyota hufungwa kwa nati zenye shingo iliyonyooka na washa bapa, lakini rimu za chuma na nyingi za kununua dukani zinataka nati zenye ncha ya koni. Mtu anabadilisha rimu, anarudishia nati zile zile, gari linaondoka likionekana zima, na baada ya siku chache gurudumu linaanza kugonga. Nati zibadilishwe pamoja na rimu, zikazwe kwa spana ya kipimo kwa nguvu ya 103 Nm, na baada ya kilomita 50 hadi 100 zikaguliwe upya. Anayezikaza kwa kuirukia spana kwa mguu hakusaidii.

Mkulima wa Kween

Wazee wangu, nayaheshimu maelezo haya, lakini tumfikirie mwalimu ambaye ameshamaliza akiba yake kwenye gari na ushuru. Je, hawezi kununua matairi mawili ya A/T sasa, akayafunga nyuma, halafu mengine mawili akayanunua baada ya muhula? Mimi pikapu yangu imeenda hivyo kwa miaka mingi.

Fundi wa Nakivubo

Mzee wangu, pikapu yako ikiwa inavuta kwa magurudumu ya nyuma peke yake, ulifanya jambo la busara. RAV4 hii ni tofauti. Inavuta kwa mbele na kompyuta inagawa nguvu kwenda nyuma kila inapoona magurudumu yamepishana mwendo. Tairi jipya nyuma na lililolika mbele yana mizunguko tofauti, na kiungo kinachopeleka nguvu nyuma kinafanya kazi na kupata joto hata kwenye lami kavu. Halafu breki: mbele mpira laini, nyuma mpira mgumu, na mteremko wa mvua katikati. Akiwa na fedha za matairi mawili, ni heri asubiri wiki chache, aende polepole, asipande kijijini siku za mvua, kisha anunue yote manne kwa pamoja.

Mwalimu wa Kapchorwa

Nawashukuru nyote, hata wewe Mzee wa Kween, kwa sababu hesabu hiyo ya mawili mawili ndiyo niliyokuwa nayo kichwani. Nimeamua kuchukua mkopo mdogo katika chama chetu cha akiba cha walimu na kununua A/T nne za 225/65R17 kwa rimu nilizonazo. Wazo la inchi 18 nimeliacha.

Leo asubuhi nimefungua kifuniko cha spea kwenye mlango wa nyuma. Si ya theluji, ni tairi la kawaida ambalo halijawahi kugusa barabara, meno yake yote yapo na hata vile vinyweleo vya mpira vya kiwandani bado vimesimama. Ila tarakimu nne za mwisho ubavuni ni 4111, na nikilikunja jino kidogo naona nyufa nyembamba chini yake. Bango la mlangoni nalo linaandika upepo kwa kPa, 220. Niongeze spea hii iwe ya tano kwenye orodha?

Fundi wa Nakivubo

Ndiyo, Mwalimu. 4111 ni wiki ya 41 ya mwaka 2011; mpira umezeeka ukiwa umetundikwa, na nyufa hizo zinaweza kufunguka ukiwa umebeba watoto. Kama fedha hazitoshi kwa la tano, itumie tu kukufikisha kwa fundi aliye karibu, chini ya kilomita 60 kwa saa. 220 ukigawa kwa 6.9 ni karibu PSI 32, nayo ipimwe asubuhi tairi likiwa baridi. Ukikwama kwenye udongo wa kijijini unaweza kushusha hadi 24 na kwenda taratibu, mradi ubebe pampu ya kurudishia upepo kabla hujaingia lami.