Makocha, acheni kumbebesha namba sita mzigo wa timu nzima!

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Nacheza namba sita, yaani kiungo mkabaji anayesimama mbele ya mabeki, huu ni msimu wangu wa saba, na juzi nimetolewa dakika ya 58 mbele ya watu wote kwa kosa ambalo si langu. Najua humu mko wengi mliopitia haya.

Kabla ya mechi kocha alinishika bega akaniambia maneno ambayo kila namba sita ameshayasikia: "Yule namba kumi wao ni wako. Popote atakapokwenda, nenda naye." Namba kumi ndiye mchezeshaji wao, anayecheza nyuma ya straika. Basi, huo ndio mpango wote. Wenzangu kumi hawakuambiwa lolote kumhusu.

Dakika ya 20 hivi yule jamaa akaanza kutembea. Hakukimbia, alitembea taratibu kuelekea pembeni kama mtu aliyechoka. Nikamfuata kama nilivyoagizwa. Nageuza shingo, naona nilikotoka ni peupe, mbele ya mabeki wetu hakuna mtu. Namba nane wao, kiungo mwingine, akaingia hapo mbio, akapigiwa pasi moja ya chini, akageuka bila kuguswa, bao. Namba kumi mwenyewe hakuugusa mpira ule. Kelele za benchi zikaja kwangu: "Ulikuwa wapi?" Nilikuwa pale uliponituma, kocha!

La pili ndilo linaloniuma zaidi. Safari hii nilikuwa katikati, nyuma yake, hatua mbili. Kabla beki wao hajapiga pasi, jamaa alitazama nyuma ya bega mara mbili. Nilikiona kidevu chake kikigeuka. Alishajua nimesimama upande gani, kwa hiyo mpira ulipomfikia mwili wake ulikuwa tayari umekaa ubavu, bega moja kwangu na jingine kwenye lango letu. Mguso mmoja nikawa nakimbiza kisogo. Natazama mbele, mabeki wetu wa kati wawili wamerudi hadi kwenye mstari wa kumi na nane, ule wa boksi la penalti, wote wawili wanamlinda straika mmoja. Kati yangu na wao kulikuwa na kama mita 25. Mpe mchezeshaji mwenye jicho mita 25 za kukimbia huku anatazama lango, halafu uniambie mtu mmoja atafanya nini. Akampenyezea winga, mpira ukaingia.

Sasa niulize: pasi ile ilipigwaje? Beki wao alikaa na mpira, akainua kichwa, akachagua, hakuna aliyemsogelea. Straika wetu alikuwa amesimama pembeni mikono kiunoni, wakati kazi yake ilikuwa kusimama kwenye njia ya ile pasi na kumlazimisha beki atoke nao pembeni. Namba kumi hakabwi mpira ukishafika mguuni. Anakabwa kwa kumnyima mpira. Njia ya katikati ikifungwa itabidi ashuke hadi kwa mabeki wake kuufuata, na huko mwacheni, straika wetu atamsumbua, mimi nibaki mahali pangu. Akienda pembeni, beki wa pembeni au winga ampokee, tukabidhiane kwa sauti. Akipokea mpira akiwa ametupa kisogo, mmoja ambane asigeuke. Akishageuka, asijitupe mtu miguuni, amcheleweshe tu wenzake warudi. Na mabeki wapande, nafasi kati yao na sisi viungo iwe mita 10 au 12, ili akigeuka akutane na mtu mwingine hapo hapo. Hiyo ni kazi ya watu sita au saba, inataka mazoezi.

Na mazoezi ndiyo hatufanyi! Wiki nzima tumekimbia raundi za uwanja. Hakuna siku hata moja tuliyosimama tukafundishwa nani anapanda na nani anabaki.

Makocha wa namna hii wakibanwa wanakimbilia historia. Watakutajia Kombe la Dunia la 1982, beki Claudio Gentile alivyomganda Maradona na Italia ikaifunga Argentina 2-1. Sawa, lakini tazameni mechi yenyewe: alimshika, alimvuta, alimpiga viatu mechi nzima na akamaliza na kadi ya njano tu. Refa wa leo angemtoa mapema. Na kwa nini hawataji fainali ya 1986? Ujerumani Magharibi ilicheza na Argentina, ikampa kiungo wake Lothar Matthäus kazi hiyo hiyo. Maradona hakufunga bao hata moja siku ile, lakini matokeo yakiwa 2-2 na mechi inaelekea mwisho, akiwa kati ya wapinzani kadhaa, alimpigia mwenzake Burruchaga pasi moja, 3-2, kombe likaondoka. Wanaume walikuwa wanamtazama yeye, nafasi ikafunguka kwa mwingine. Ndilo bao la kwanza tulilofungwa sisi, lile lile!

Nilipotoka nilimwambia kocha kwa adabu kwamba mabeki wako mbali mno. Akajibu, "Ungekuwa na mapafu usingelalamika." Mapafu! Nimekimbia hadi miguu inatetemeka, nimekula kadi ya njano kwa kumvuta jezi mtu niliyeachiwa peke yangu, halafu naambiwa sina pumzi mbele ya wadogo zangu wanaokaa benchi. Kijana wa miaka 18 ndiye aliyeingia badala yangu, akapewa maneno yale yale sikioni, na dakika kumi baadaye naye akawa anafokewa. Bao la tatu lilipita mahali pale pale. Yule mdogo wetu alilia chumba cha kubadilishia nguo na hakuna kiongozi aliyemsogelea.

Jumamosi ya wiki ijayo tunarudiana nao. Nimemwomba kocha dakika 20 tu za mazoezi, mabeki wanne, viungo watatu na straika, tujipange kwa pamoja. Amenijibu mimi ni mchezaji, nicheze. Wakuu mnaofundisha timu, nisaidieni: nimfikishie vipi mtu huyu jambo hili akasikia kabla ya siku hiyo? Manahodha mliowahi kulisimamia suala kama hili mbele ya kocha, mlianzia wapi?