Tupeane uzoefu: tovuti na huduma za maktaba kwa wasomaji wenye ulemavu

Mwanzisha mada

Wanajamvi, salaam. Mimi sioni, na masomo yangu huyafanya kwa kompyuta yenye NVDA, programu ya bure inayosoma kwa sauti yaliyoandikwa kwenye skrini. Naomba tuliowahi kukwama au kusaidiwa katika huduma za maktaba, wasomaji na wakutubi pia, tuelezane, kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu ufikivu, yaani huduma kuweza kutumiwa na wenye ulemavu pia, huishia kwenye ngazi na milango, ilhali sehemu kubwa ya maktaba ya leo iko mtandaoni.

Naanza na langu. Katika katalogi ya chuo kimoja, vitufe vya ukurasa wa kutafutia havikuwa vimepewa majina. Mwenye kuona aliona picha ya lenzi akaelewa; mimi nilisikia "kitufe", kisha "kitufe" tena, ikanibidi nibonyeze kimoja kimoja ili nijue kazi yake, na kimojawapo kikafuta yote niliyokuwa nimeandika. Nilipokipata kitabu, faili la PDF lilikuwa picha tupu za kurasa zilizoskaniwa, kwa hiyo programu haikuwa na neno hata moja la kunisomea. Laiti kurasa hizo zingepitishwa kwenye programu ya kutambua herufi kabla ya kupakiwa, ningezisoma jioni ileile. Badala yake nilimwomba mwenzangu anisomee, na ni vigumu mno kumwomba mtu arudie sura nzima kwa sababu tu unataka kuhakiki nukuu moja.

Mchangiaji wa pili

Ndugu mwanzisha mada, ahsante. Mimi nina ualbino, na uoni wangu ni hafifu. Sihitaji sauti, nahitaji herufi kubwa na rangi zinazoachana. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti, WCAG, inataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1, tena ukurasa uweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila kupoteza kitu. Maktaba ninayoitumia imeandika tarehe za kurudisha vitabu kwa kijivu hafifu juu ya weupe, yaani jambo lilelile linaloweza kumtoza msomaji faini ndilo lisiloonekana, na nikikuza ukurasa, menyu huteremka na kufunika kitufe cha kuongeza muda wa kuazima. Nimshukuru hapa mkutubi wa zamu ambaye, bila kuombwa, alinihamishia meza mbali na dirisha lililokuwa likinipiga jua machoni.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni kiziwi. Video ya kuwaelekeza wanachama wapya haikuwa na maandishi wala mkalimani wa lugha ya alama, na njia pekee ya kuuliza swali ilikuwa namba ya simu ya kupiga. Walipokubali kupokea ujumbe wa maandishi kwa namba hiyohiyo, tatizo langu kubwa liliisha.

Mchangiaji wa nne, mkutubi

Wadau, nimesoma kwa makini. Kwa upande wetu, hofu kubwa huwa ni hakimiliki: wakutubi wengi huogopa kugeuza kitabu kuwa nukta nundu, sauti au faili linalosomeka. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya ilijiunga nao 2017 na Tanzania 2020, uliandikwa kwa ajili hiyo. Unazitaka nchi wanachama ziruhusu katika sheria zao nakala za namna hiyo kutengenezwa kwa ajili ya wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, bila kuomba idhini ya mwenye haki, na taasisi zinazohusika ziweze kubadilishana nakala hizo hata kuvuka mipaka.

Kuhusu tovuti, ninaweka kipanya kando na kujaribu kuazima kitabu kwa kibodi pekee, kwa kitufe cha Tab. Ninapopotea nisijue niko wapi kwenye ukurasa, hapo ndipo pa kurekebisha, na kipimo hicho hakihitaji bajeti. Hifadhidata za kununua, yaani mikusanyo ya majarida na vitabu vya mtandaoni, ni suala jingine, kwa sababu mkataba ukishasainiwa muuzaji hana haraka tena. Taarifa yake ya ufikivu idaiwe kabla ya malipo, na msomaji asiyeona aijaribu huduma yenyewe.

Mwanzisha mada

Nashukuru sana. Naongeza moja linalotuhusu sisi wa Kiswahili. Kurasa nyingi zimeandikwa kwa Kiswahili huku msimbo wake ukitangaza kuwa ni Kiingereza, basi sauti ya kompyuta huyatamka maneno yetu kwa Kiingereza hadi hayaeleweki. Niliiandikia maktaba moja kuhusu hilo. Mtaalamu wao alibadilisha herufi mbili, "en" zikawa "sw", na tangu hapo matangazo yao nayasikia kwa matamshi ya Kiswahili.