Liki zangu (mboga jamii ya vitunguu) nyembamba na sehemu nyeupe ni fupi, nakosea wapi?

Wakuu, liki zina miezi miwili tangu zihamishwe kitaluni lakini bado zimekonda kama penseli. Sehemu nyeupe haifiki hata sm 5. Niongeze urea?

Jibu: Weupe hauletwi na mbolea, mkuu, ni giza. Mche ukifika sm 20, toboa shimo la kina cha sm 15 kwa mti, udumbukize, kisha mwagia maji tu. Usishindilie udongo, utajijaza wenyewe. Nafasi sm 15, mistari sm 30. Kwa hizo zako, pandishia udongo kidogokidogo kila wiki mbili, usivuke pale majani yanapoachana, la sivyo mchanga utaingia katikati na kuosha ni kazi kwelikweli.

Jibu: Wembamba ndio njaa, au zimebanana. Urea gramu 10 kwa mita moja ya mraba, kando ya mstari, isiguse shina, umwagilie papo hapo. Rudia baada ya wiki nne. Usizidishe: majani hulainika na ugonjwa wa kutu, wenye madoa ya rangi ya chungwa, hushambulia, hasa madini ya potasiamu yakiwa kidogo.

Jibu: Angalia pia michirizi ya rangi ya fedha kwenye majani. Hao ni thripsi, wadudu wadogo wanaofyonza majani.