Naomba ushauri: safari ya Nizwa na asali ya Tabora

Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Niko Tabora mjini. Shangazi yangu aliyeolewa Nizwa, mji wa kale wa Oman kwenye ukame chini ya milima ya Hajar, ametualika mimi na mama mwezi Januari. Tunataka kuiona ngome yenye mnara mnene wa duara wa karne ya 17, na zaidi ule mnada wa mbuzi wa Ijumaa asubuhi, wauzaji wanazunguka na mbuzi huku wanunuzi wakitaja bei. Kahawa nimeshafundishwa: ukitosheka tikisa kikombe, la sivyo utamiminiwa tu!

Nilipokwama ni zawadi. Mama hasikii la mtu, lazima abebe asali yetu ya miombo, dumu zima la lita tano. Nimeuliza mawakala wa tiketi, kila mmoja ana lake.

Kuna aliyewahi kuingia Muscat na asali? Alitakiwa cheti gani, na alikipata wapi? Pia, pale mnadani wanawake wageni husimama wapi, na dera na mtandio vinatosha?

Natanguliza shukrani.