Nimemaliza uhasibu, naomba kazi kila siku sijibiwi. Waliopata kazi Dar bila mjomba ofisini mlianzia wapi?

Binti_GMboto:
Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Mimi ni binti, nimemaliza digrii ya uhasibu 2023 hapahapa Dar, nakaa Gongo la Mboto kwa kaka yangu na wifi. Tangu nimemaliza naomba kazi, Ajira Portal ya serikali naomba, benki naomba, mashirika naomba, mpaka zile za ofisa mauzo zisizohusiana na nilichosoma naomba, na nyingi hakuna hata meseji ya kukwambia hujachaguliwa. Utumishi, wale wanaosimamia ajira za serikali, nilishaitwa usaili wa kuandika, tulikuwa watu wengi mno kwa nafasi chache, nikaishia hapohapo.

Kinachoniumiza kila tangazo wanataka uzoefu wa miaka mitatu, sasa huo uzoefu ntaupata wapi kama hakuna wa kunianzisha? Wifi hajawahi kunisema hata siku moja, Mungu ambariki, ila mwenyewe naona vibaya kuomba hela ya bando na nauli. Saivi kuna ofisi iko Posta imeniita wanasema nijitolee miezi sita bila malipo halafu "wataangalia". Nikubali? Naombeni ukweli wakuu.

Mhasibu_Kkoo:
Pole mdogo wangu. Mimi nafanya vitabu vya wafanyabiashara Kariakoo huu mwaka wa ngapi sijui, ngoja nikwambie ninachokiona. Kazi za uhasibu hapa mjini nyingi hazitangazwi popote. Wenye maduka ya jumla Kariakoo, wa spea Gerezani, viwanda vidogo vya Vingunguti, shule binafsi, zahanati za mtaani, wote hao wanadaiwa hesabu na TRA, watu wa kodi. Aliyesajiliwa kodi ya VAT anatakiwa awe amepeleka ritani, yaani taarifa ya kodi, kufika tarehe 20 ya mwezi unaofuata, mwenye wafanyakazi anatakiwa alipe PAYE, ile kodi ya mishahara, ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, hapo hujagusa michango ya pensheni ya NSSF. Wengi hawana mhasibu wa kudumu kwahiyo wanazipeleka hizo kazi kwenye ofisi ndogo za washauri wa kodi, zile za ghorofani unapanda ngazi unakuta meza tatu na mafaili mpaka chini. Hizo ofisi ndo zinaelemewa kila mwezi na ndo zinachukua vijana.

Ila usiende na bahasha ya kaki ukasema "naomba kazi yoyote". Yoyote hatuna. Sema naweza kupanga risiti za manunuzi za EFD, zile za mashine ya kodi, kwa tarehe, naweza kuingiza mauzo kwenye Excel, naweza kulinganisha taarifa ya benki na kitabu cha fedha nikakwambia tofauti iko wapi. Ukisema hivyo mwenye ofisi anaanza kufikiria mteja gani akupe ujaribu. Af angalia siku ya kwenda, usiende tarehe 18 au 19 hakuna atakayekutazama usoni, nenda kuanzia 22 hivi watu wameshapumua. Mshahara wa kuanzia ni mdogo sikudanganyi, lakini ukishafanya ritani za wateja kumi kwa mwaka mzima, lile swali la uzoefu unalijibu bila kutetemeka. Na huku unafanya, jisajili mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, hata kama utasoma taratibu. Mwenye CPA, cheti cha hiyo bodi, mkononi anaitwa sehemu ambazo mwenye digrii peke yake haitwi.

DadaWaMikocheni:
Nipo upande wa HR kampuni ya kawaida tu. Niseme yanayotokea kwetu maana watu wanadhani maombi yanasomwa yote, hapana, tangazo likitoka mafaili yanamiminika na tukishapata watu wa kutosha wa kuwaita hatuendelei kufungua, kwahiyo anayesubiri siku ya mwisho kama tulivyozoea anakuwa amechelewa hata kama tarehe haijapita. Omba siku mbili tatu za mwanzo.

Vingine vinavyotoa watu: vyeti vimepigwa picha na simu kwenye kivuli, havisomeki. CV kurasa sita, ina shule ya msingi, dini, majina ya wazazi. Barua ina jina la kampuni nyingine, mtu kasahau kubadilisha. Na field, yale mafunzo ya vitendo ya chuo, jamani field! Mtu kafanya field miezi miwili ofisi ya halmashauri anaandika "nilijifunza mambo mengi kuhusu uhasibu". Andika ulichofanya kwa mikono yako, uliandaa hati za malipo, ulihakiki masurufu, ulisaidia kufunga hesabu za mwezi. Ule ni uzoefu mdogo wangu, usiudharau. Hiyo miaka mitatu ya kwenye tangazo mara nyingi bosi kaiandika akitafuta mtu asiyehitaji kufundishwa kila kitu, nimeshaona tunamchukua mwenye mwaka mmoja kwa sababu alieleza kazi yake ikaeleweka. Kuna nafasi hawalegezi kabisa, hasa za juu, hizo usipotezee bando.

Wadhamini uliowaandika chini ya CV wapigie kwanza uwaambie. Tunapiga simu mwalimu anasema simkumbuki huyo, basi imeishia hapo.

Kimara_Stopover:
Mimi kwenye kujitolea napinga na napinga kwa nguvu. Nilijitolea ofisi moja mjini, nauli yangu, chakula changu, ikifika mwezi wa sita wanakwambia bajeti bado, unaondoka, wiki inayofuata anakaa mwingine kwenye kiti chako anaambiwa maneno yaleyale. Ile ofisi haikuwa na mpango wa kuajiri, kazi zao zilikuwa zinafanywa na watoto wa watu bure. Gongo la Mboto mpaka Posta kwenda na kurudi kila siku miezi sita nani analipa? Kaka yako. Kwahiyo anayeisaidia hiyo kampuni ni kaka yako na wifi yako, hilo ndo linalonichoma.

Bora ujiandikishe TaESA, ni huduma ya ajira ya serikali, wana mpango wa kuwapeleka wahitimu kwenye makampuni na taasisi kupata uzoefu, pale walau kuna utaratibu na mtu wa kumuuliza.

Mama_Wawili_Tbt:
@Kimara_Stopover nakuelewa na pole kwa yaliyokukuta ila usifunge mlango wote. Mimi nilianza kwa kujitolea hospitali binafsi upande wa malipo, nikaajiriwa, mpaka leo nipo. Tofauti ni kwamba niliomba barua mapema, inasema nafanya nini, mpaka lini, nauli wananipa, na nikimaliza wanaandika barua ya utumishi hata wasiponiajiri. Mwenye nia nzuri anaandika. Binti waulize hao wa Posta kwa adabu tu, "naomba tuandikiane", na uulize kwenye ofisi hiyo nani alijitolea kabla yako na saivi yuko wapi. Wakianza kuzungusha maneno umeshapata jibu.

Fundi_Data:
Niongeze la matapeli maana mtu akishachoka kutafuta ndo wanampata. Ukipigiwa simu "hongera umechaguliwa, tuma hela ya fomu" au ya sare au ya vipimo vya afya, kata. Utumishi hawachukui hela kumwita mtu usaili wala kumpangia kituo, na ofisi yenye kazi ya kweli haikutozi ili ikuajiri. Kampuni usiyoijua tafuta jina lake kwenye mfumo wa BRELA, wanaosajili makampuni, ukikosa jiulize mara mbili. Wengine wanakuita "intavyuu" ukifika unakuta ukumbi umejaa vijana mnafundishwa kuuza bidhaa na mnunue za kuanzia wenyewe. Ukiona hivyo toka, usione aibu, na ukienda intavyuu yoyote mwachie wifi jina la ofisi na jengo lilipo.

Binti_GMboto:
Asanteni sana kaka na dada zangu, nimesoma yote mara mbili. Wa Posta nimewaandikia leo kuomba tuandikiane, nasubiri. Kariakoo nitaenda tarehe ikipita. Naomba kuuliza kitu kingine, vyeti vyangu vyote vina majina mawili, kitambulisho cha taifa cha NIDA kina matatu na moja limekosewa herufi. Kwenye Ajira Portal itanisumbua?

Mtumishi_Mpya:
Itakusumbua, lishughulikie sasa hivi kabla tangazo halijatoka. Kama herufi wamekosea NIDA, nenda ofisi yao ya wilaya, kwako ni Ilala, na cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule uombe marekebisho. Kama majina ndo yanatofautiana kati ya vyeti na kitambulisho, utahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, ile ndo unaambatanisha, kiapo cha mtaani wanaweza kukikataa mlangoni siku ya usaili na umeshajilipia nauli.

Mengine yanayoangusha watu kule: barua ya maombi haina saini, au mtu kaweka matokeo ya muda badala ya cheti kamili. Na ukifika usaili wa mahojiano ukafaulu ila nafasi zikajaa, jina linabaki kwenye kanzidata, wanaweza kukupangia kituo baadaye bila usaili mwingine. Mimi ndo nilivyopata, nilishakata tamaa nikaona jina langu kwenye orodha. Kwahiyo namba ya simu uliyojaza kule usiibadilishe, na barua pepe uwe unaifungua.

Mhasibu_Kkoo:
Binti, ukija Kariakoo uje asubuhi. Kuna ofisi mbili nazijua zinatafuta mtu wa kupanga manunuzi, nicheki inbox nikuelekeze jengo. Ila ujue Excel, watakupa risiti za siku moja uziingize mbele yao.

Binti_GMboto:
Nimeshakuja inbox kaka.